Swali la Mjomba Kuhusu Maji ya Lisbon

Siku ya tatu baada ya kurejea Malindi kutoka Ureno, mjomba wangu, ambaye amevua samaki maisha yake yote, aliniuliza swali nililoshindwa kulijibu: "Mwanangu, hayo maji ya Lisbon hupwa na kujaa kama yetu?" Nilikuwa nimekaa siku 86 kwa dada yangu Almada, ng'ambo ya mto Tejo, na karibu kila siku nilipanda feri kutoka Cacilhas, upande wa Almada, hadi Cais do Sodré, upande wa Lisbon, jioni nikarudi. Maji hayo niliyavuka zaidi ya mara 100, na sikujua kama hupwa.

Kabla ya swali hilo niliamini kwamba safari yangu imekaa salama kichwani. Kila aliyekuja kunipa mkono nilimsimulia, na kwa kuwa hakuna mgeni mwenye nafasi ya kusikiliza miezi mitatu, nilichagua mambo machache: tramu zinazopanda vilima, bei ya vyumba, na jua la mwezi Juni, ambalo huko huzama baada ya saa tatu usiku. Wiki haijaisha, nilikuwa nikiyasema kwa maneno yaleyale na kwa vituo vilevile, na mengine yote yalianza kufifia kwa kukosa kuitwa. Ndiyo maana namshauri kila anayerudi kutoka safari ndefu aandike kabla hajasimulia, au walau usiku uleule, na asianze na yaliyo makubwa. Aanze na tiketi na risiti zilizo mifukoni, kwa sababu karatasi hizo zina tarehe na saa, na saa moja ya kweli huvuta siku nzima nyuma yake. Azinakili mapema, maana wino wa risiti hufutika upesi kwa joto letu.

Mjomba hakuridhika na "sijui" yangu. Tuliketi barazani, akaishika simu yangu na kuzipitia picha moja baada ya nyingine. Mnara wa Belém, ule maarufu wa Lisbon, aliupita bila kusimama. Alisimama kwenye picha niliyokusudia kuifuta, ambayo dada yangu ameshika mfuko gatini na sura yake haionekani vizuri, lakini nyuma yake ukuta wa mawe una mstari mpana wa mwani wa kijani. Katika picha nyingine ya mahali palepale, mawe hayo yamefunikwa. "Hupwa," alisema, "tena hupwa sana." Hapo nikakumbuka lile daraja la kuingilia feri, ambalo asubuhi nyingine lilikuwa limeinama hata wazee wakashika vyuma, na asubuhi nyingine limenyooka. Miguu yangu ilikuwa imejua muda wote. Kwa hiyo usizifute picha mbaya, na wape picha zako watu ambao kazi zao si kama yako, mvuvi, fundi, muuza mboga, uwaache waulize.

Mambo ya pasipoti nayapitia haraka: weka kumbukumbu ya tarehe za kuingia na kutoka, kwa kuwa viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, Ureno ikiwemo, hairuhusu zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180.

Daftari langu lilikuwa na orodha ya maneno niliyoyasikia sokoni nikayatambua: mesa, caixa, bandeira, lenço, ambayo kwetu ni meza, kasha, bendera na leso. Hata igreja, yaani kanisa, ndilo lililotupa gereza, na mgeuko huo bado unanishangaza. Huko nilikuwa nikiyakusanya kwa kujifurahisha tu. Wiki mbili baada ya kurudi nililichukua daftari hadi kwenye mnara wa Vasco da Gama, ambao tangu utoto nimeupita bila kuinua macho. Nahodha huyo Mreno alifika hapa Aprili 1498, akapewa rubani aliyeijua njia ya bahari, na kabla ya mwezi Mei kwisha alikuwa amefika pwani ya Calicut, India. Msalaba ulio juu ya mnara ni wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Kaburi lake nilikuwa nimelitazama kwa muda mrefu Belém, katika kanisa la Jerónimos, na sikumwaza yule rubani hata mara moja. Nilimwaza hapa, nikiwa nimeketi juu ya miamba, peke yangu. Tafuta nyumbani kwako mahali penye uhusiano na kule ulikokwenda, uende ukiwa na ulichoandika, wala usiende na watu.

Nililokosea zaidi ni kulinganisha. Siku moja, tukila chakula cha mchana, nilisema kwamba kule feri huondoka kwa dakika iliyoandikwa. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na dada yako, mchana hula na nani?" Nilimjibu kwamba hula peke yake, kazini. Katika daftari nililokuwa nikijivunia, jambo hilo halikuwemo popote. Niliandika juu ya jiji na nikamsahau mwenyeji wangu. Ukikaa kuiangalia safari yako, mtafute kwanza aliyekupokea.

Siku hizi, saa tisa alasiri kwetu, ambayo kwa dada yangu ni saa saba mchana, humpigia simu akiwa mezani, na mjomba hutaka kwanza aambiwe maji yamefika wapi.