Sony au Canon? Niambie kwanza kuhusu kadi ya kuhifadhia picha

Acha habari za kamera zako mbili, Sony A7 IV na Canon R6 Mark II. Umeuliza ipi bora kwa harusi, betri ipi inadumu, ipi itauzika baadaye, halafu huko chini, kama mtu anayeongeza chumvi tu: "nitachukua kadi moja ya GB 128 ya bei poa." Mkuu, hayo maneno ni yangu. Niliyasema mwenyewe nikiwa Kariakoo mwaka 2021.

Nilikuwa na Sony A7 III, ina matundu mawili ya kadi. Muuzaji akaniambia, "Kaka, moja kubwa inakutosha, mbili za nini?" Nikamwachia na hela ya soda! Tundu la pili likabaki linakula vumbi.

Harusi ya Mbagala, picha 1,900 na ushee, kamera haikulalamika hata mara moja. Usiku nafungua kwenye kompyuta: msikitini zipo, kwa kina bibi harusi zipo. Kufika ukumbini, kwenye keki, kichwa cha bwana harusi kipo, kuanzia kidevuni kushuka ni kijivu kama saruji. Inayofuata haifunguki. Inayofuata haifunguki. Kumbe ni kadi ya GB 32 iliyochezewa ijitangaze 128. Ikishajaa, majina ya faili yanaendelea kuandikwa, picha hamna. Programu za kurudisha mafaili hazikuambulia kitu. Utarudisha nini ambacho hakikuwahi kuingia?

Nilirudisha milioni moja na laki mbili. Mama wa bibi harusi aliniuliza tu, "Mwanangu, hata moja sijatokea?" Bora angenitukana. Siku hizi nacheka, kile kicheko cha mtu aliyeangushwa na bodaboda akasema hajaumia. Na yule muuzaji? Eti niliiharibu mwenyewe kwa kuichomeka kwenye laptop. Fyuu!

Hizo zako zote mbili zina matundu mawili, ila usidhani zinatoka kwenye boksi zikiandika kotekote. Ingia kwenye menyu, weka kila picha iende kadi zote mbili kwa pamoja. Sony megapikseli 33, Canon 24, bibi harusi hatazihesabu. Hela ikigoma, shuka bodi (kamera yenyewe bila lenzi), chukua Canon R6 ya kwanza ya 2020, nayo ina mawili. EOS R iache, ina moja.

Na kadi mpya usiende nayo kazini. Ijaze kwanza kwa H2testw, programu ya kompyuta inayopima ukubwa halisi wa kadi, mpaka mwisho, hata ikichukua saa nzima, halafu uje uandike hapa imetoka GB ngapi. Yangu ilitoka 29 na kitu, ndivyo kompyuta inavyoihesabu GB 32.