Karatasi Inajikunja, Nyuso Zinamezwa

SWALI: Nachora kitabu cha watoto kwa rangi za maji. Karatasi inajikunja kama kaukau, na kwenye nakala ya majaribio uso wa mhusika umemezwa katikati ya kurasa mbili. Nikosoe.

JIBU: Karatasi yako ni nyepesi mno. Nyuzi zake hufutuka zikilowa, na pasipolowa hapafutuki, ndipo inapopanda na kushuka. Tumia ya gramu 300 kwa mita mraba, na bado uitandaze kwanza: iloweke dakika tatu hadi tano, ilaze juu ya plaiwudi, bandika kingo zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowesha (selotepu haishiki kwenye unyevu), kisha iache ikauke ikiwa imelala. Ukiisimamisha, maji hushukia upande mmoja na utepe hubanduka. Usiikate ubaoni mpaka mchoro ukauke kabisa.

Kuhusu uso, hilo ni kosa la mpangilio. Kabla ya kugusa brashi, kunja kitabu kidogo cha kurasa 32 kwa karatasi za kawaida, uone mkunjo unaangukia wapi. Nyuso na maneno yakae angalau sentimita moja na nusu kutoka hapo. Kingo za nje ongeza milimita tatu za kukatwa.

Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto wa Uingereza, alijichapishia nakala 250 za hadithi yake ya sungura Peter mwaka 1901, karibu picha zote zikiwa nyeusi na nyeupe. Toleo la rangi lilifuata 1902. Nawe anza na nakala chache.