Simu ya mteja inasema amelipa, mashine yako haina kitu: jinsi ya kuhama keshi bila kuumia

Mleta mada ana duka dogo na anataka kupunguza keshi. Ameuliza mambo matatu: aanze na mashine ya kadi, malipo ya simu au QR (ule mraba wa vijisanduku vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa kamera ya simu), afanye nini mteja anapoonyesha kwamba pesa imekatwa ilhali kwake haijafika, na kama ipo siku ataweza kukataa noti kabisa. Naanza na la katikati, maana hilo ndilo linalogombanisha watu kaunta, na ukishalielewa, mawili yaliyobaki hayatakusumbua sana.

Noti inafanya kazi nne kwa mpigo. Mteja akikupa, amelipa, umeona kwamba amelipa, deni limekwisha, na pesa unayo, unaweza kwenda kununua mzigo saa hiyohiyo. Kwenye malipo ya kielektroniki kazi hizi zimeachana. Kuna agizo la kulipa, kuna uthibitisho, kuna pesa kutua, na kuna siku ambayo mteja hawezi tena kuupinga muamala. Agizo na uthibitisho vinapishana kwa sekunde chache. Kutua ni papo hapo kwa mifumo mingi ya simu, lakini kwa kadi mara nyingi ni siku moja au mbili za kazi. Kupinga, kwa mitandao mikubwa ya kadi (kama Visa) na kwa sababu nyingi zinazokubalika, muda wake unafika siku 120. Karibu kila lalamiko unalolisikia limetokea kwenye moja ya nafasi hizo.

Tuangalie kadi. Mteja anagusisha, mashine inatuma ombi kwa benki yako, benki yako inalipeleka kwenye mtandao wa kadi, na mtandao unalifikisha kwa benki iliyotoa kadi. Benki hiyo inakagua salio, namba ya siri na tarehe ya mwisho ya kadi, inazuia kiasi hicho, halafu inajibu kwa njia ileile. Mawasiliano yakikatika wakati ombi linakwenda, hakuna kilichotokea. Yakikatika wakati jibu linarudi, benki ya mteja imeshazuia pesa, mteja ameshapata meseji, na mashine yako haijui lolote. Hapo wote wawili mnasema kweli, na ndiyo maana ugomvi unakuwa mkali.

Mashine iliyokosa jibu hutakiwa kutuma ujumbe wa kubatilisha mara inapopata mtandao tena. Ujumbe huo ndio unaomfungulia mteja pesa yake. Kwa hiyo usiizime mashine, usichomoe laini, usiichukulie kama imeharibika. Isogeze mahali penye mtandao na uiache ikiwa inawaka.

Na usirudie muamala kabla ya kukagua. Makato mara mbili yanazaliwa hapa kuliko mahali pengine popote. Fungua orodha ya miamala kwenye mashine au kwenye ukurasa wako wa mfanyabiashara, tafuta kwa saa na kiasi. Ukiukuta umekubaliwa, chapisha nakala ya risiti na umpe mteja mzigo wake. Usipoukuta, mwambie ukweli: pesa imezuiwa kwake, haijaja kwako, na itafunguliwa na ule ujumbe wa kubatilisha au na benki yake muda wa kizuizi utakapokwisha, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa. Mwandikie kwenye karatasi saa, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi, namba ya mashine (huwa na herufi au tarakimu 8) na namba ya kumbukumbu ya muamala kama risiti imetoka. Hiyo ina nafasi 12. Akienda benki na karatasi hiyo, suala lake linatafutika. Akienda na maneno matupu, litachelewa.

Mashine ikikataa, soma kodi, yaani namba fupi ya sababu inayotokea kwenye mashine, usibahatishe. 51 ni salio halitoshi. 54 ni kadi iliyopitwa na muda. 55 ni namba ya siri isiyo sahihi, na 75 maana yake majaribio yamezidi. Hapo hata akikumbuka namba yake haitasaidia mpaka benki iifungue kadi. 91 ni benki ya mteja haipatikani: hii ndiyo ya kusubiri dakika chache na kujaribu tena. 05 ni benki imekataa bila kutaja sababu, na wewe huwezi kuijua, kwa hiyo mwombe mteja awasiliane na benki yake. Tafadhali, hizi kodi usizisome kwa sauti mbele ya foleni. Kumtangazia mtu kwamba hana salio ni kumvunjia heshima, na pengine ameishiwa kwa sababu ya kizuizi kilekile nilichoeleza hapo juu.

Kwa malipo ya simu, uthibitisho ni ule unaouona kwenye kifaa chako. Skrini ya mteja si uthibitisho, na meseji iliyoingia kwako nayo haitoshi. Jina la mtumaji wa meseji linaweza kughushiwa, na simu nyingi zitaiweka meseji ya bandia ndani ya mfululizo uleule wa meseji za kweli, chini kabisa ya muamala halali wa asubuhi. Ukiangalia haraka huwezi kuzitofautisha. Angalia salio au orodha ya miamala kwenye menyu yenyewe. Kama una msaidizi dukani, mpe uwezo wa kuona miamala bila uwezo wa kutoa pesa, ikiwa huduma yako inaruhusu; la sivyo atategemea meseji na utalizwa siku usiyokuwepo.

Menyu za USSD (zile za kupiga nyota, namba na alama ya reli) hazihitaji bando, zinapita kwenye njia ya mawimbi ya simu ya kawaida, ndiyo maana hufanya kazi hata intaneti ikiwa imelala. Udhaifu wake ni muda: menyu hujifunga usipojibu haraka. Ikijifunga baada ya mteja kuingiza namba ya siri, muamala unaweza kuwa umepita. Kanuni ni ileile ya kadi, kagua kwanza ndipo urudie.

QR ndiyo rahisi kuanza nayo na ndiyo rahisi kuchezewa. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso (kitengo ambacho sasa ni Denso Wave) kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na ndani yake hakuna ulinzi wowote wa pesa, ni maandishi tu. Iskani ya kwako kwa programu ya kawaida ya kusoma QR uone. Kama inafuata kiwango cha EMVCo (shirika la mitandao ya kadi linalopanga viwango vya malipo), ambacho nchi nyingi zimekitumia, itaanza na 000201. Baada yake ukiona 010211, ni kodi ya kudumu: ile ya kubandika, mteja anaandika kiasi mwenyewe. Ukiona 010212, ni kodi ya muamala mmoja, na kiasi kwa kawaida kimo ndani, baada ya namba 54. Jina la biashara liko baada ya 59. Mwishoni kuna 6304 na herufi au tarakimu nne za kuhakiki. Hizo nne zinahakiki kwamba kamera haijakosea kusoma. Hazihakiki kwamba kodi ni yako. Tapeli akibandika ya kwake juu ya yako, itasomeka vizuri kabisa na malipo yatapita bila kikwazo, ila yatakwenda kwake.

Kwa hiyo kila asubuhi iskani mwenyewe na usome jina linalotokea. Iweke chini ya kioo au plastiki ngumu upande wako wa kaunta, siyo ukutani nje. Mteja akiskani, mwombe asome jina kabla ya kubonyeza. Kwa ukubwa, gawanya umbali wa simu kwa kumi: mteja akisimama sentimita 30, upana usipungue sentimita 3. Acha ukingo mweupe pande zote wenye upana wa vijisanduku vinne vya kodi yenyewe. Waliochora fremu za rangi hadi kwenye ukingo ndio wanaolalamika kwamba haisomeki. Kodi iliyochapishwa kwa kiwango cha juu cha kujirekebisha husomeka hata ikiharibika kama asilimia 30, na kwa kiwango cha chini ni asilimia 7 tu, kwa hiyo kama itakaa mahali pa vumbi na mikwaruzo, omba cha juu.

Maoni yangu: anza na malipo ya simu pamoja na QR, ongeza mashine ya kadi pale wateja wanapoiulizia. Ukichukua mashine, iwe na njia mbili za mtandao, waifai na laini, na laini iwe ya kampuni tofauti na inayokupa waifai, vinginevyo zote zitakatika pamoja. Saa na tarehe ziwe sahihi; mashine yenye tarehe iliyopotea hukataa kuunganishwa kwa sababu inaona vyeti vya usalama si halali kwa tarehe hiyo, na watu hulaumu mtandao siku nzima.

Makato usiyatazame kwa asilimia peke yake. Tuseme unakatwa asilimia 2 na juu yake 5 kwa kila muamala, kwa fedha yoyote unayotumia. Kwenye mauzo ya 5,000 makato ni 105, sawa na asilimia 2.1. Kwenye mauzo ya 50 ni 6, yaani asilimia 12. Duka la vitu vidogovidogo likisaini mkataba wa namna hiyo linajimaliza. Na kama faida yako ni asilimia 10 ya bei, makato ya asilimia 2 yamekula moja ya tano ya faida, siyo "kidogo tu" kama mawakala wanavyosema. Kabla ya kumwongezea mteja makato hayo, soma mkataba na sheria ya nchi yako, kwa sababu kwingine ni marufuku.

Kwenye vitabu andika mauzo kamili. Umeuza 1,000 zikatua 980: mauzo ni 1,000 na gharama ni 20. Wanaoandika 980 hushindwa kulinganisha hesabu zao na ripoti ya mashine. Kila jioni weka pamoja namba tatu, mauzo ya daftari yasiyo ya keshi, ripoti ya mashine na pesa iliyotua. Mbili za kwanza zinapaswa kufanana siku hiyohiyo. Ya tatu itatofautiana, na kila tofauti iwe na jina: makato, marejesho, pingamizi, au saa ya kufunga siku. Hii ya mwisho inachanganya wengi. Kama mfumo unafunga saa 5 usiku, mauzo ya saa 5 na dakika 10 yatahesabiwa kesho, na kama kesho ni mapumziko ya benki yatatua kesho kutwa au baadaye.

Risiti za mashine huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye kemikali, na hufifia zikikaa juani au karibu na joto. Zipige picha siku hiyohiyo, maana pingamizi linaweza kuja miezi mitatu baadaye na ushahidi wako ukawa karatasi nyeupe.

Kuhusu kurudisha pesa: aliyelipa kwa kugusisha simu au saa, kifaa chake hakikutoa namba halisi ya kadi, kilitoa namba mbadala. Tarakimu nne kwenye risiti hazitafanana na za kadi yake ya plastiki. Hajakudanganya. Mwombe agusishe kifaa kilekile alicholipia.

Swali la mwisho, kukataa noti kabisa: usifanye hivyo. Tarehe 1 Juni 2018 swichi moja (kifaa cha kuunganisha mtandao) iliharibika kwenye kituo cha data cha Visa, na kwa takriban saa 10 miamala milioni 5.2 ya kadi za Ulaya ikashindikana. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika Uhispania na Ureno, na aliyekuwa na noti mfukoni ndiye aliyenunua maji. Weka droo ndogo, nyingi ikiwa chenji za thamani ya chini, kwa sababu siku mtandao unapolala kila mtu huja na noti kubwa aliyoitoa kwenye akiba.

Tena kuna wateja ambao mfumo mpya unawafungia mlango bila mtu kukusudia. Kitufe cha 5 kwenye mashine ya vitufe kina nukta iliyoinuka, na kwa nukta hiyo mtu asiyeona anajipangia namba zote na kuingiza siri yake mwenyewe. Skrini laini ya kugusa haina nukta. Ukiletewa mashine ya skrini tupu, muulize wakala kama ina kifuniko cha vitufe au sauti ya kuongoza. Kama havipo, chukua yenye vitufe, hata kama ni nzito na inaonekana ya kizamani.