Chanjo ya homa ya mafua: nyumbani nianze na nani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Nairobi na mume wangu, mtoto wa miaka 4 aliyeanza PP1, mdogo wake wa miezi 4 ambaye bado namnyonyesha, mama mkwe wa miaka 69 mwenye kisukari, na dada wa kazi. Natamani sote tuchanjwe homa ya mafua, ila mfuko hauruhusu kulipia wote mwezi mmoja. Nianze na nani? Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema mwaka jana alichomwa kazini na wiki hiyo hiyo akaugua.

JIBU: Marahaba, mama. Anza na mama mkwe. Umri wake pamoja na sukari vinamweka kwenye kundi ambalo homa hii huwageukia nimonia na kuwalaza hospitalini. Mkifika, ulizia pia chanjo ya nimonia. Zote mbili huweza kutolewa siku moja, kila moja mkono wake.

Wa pili ni huyo wa PP1, na hapa ndipo familia nyingi huteleza. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 8 anayechanjwa homa ya mafua kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, zikiachana wiki 4 au zaidi. Ya kwanza huuzindua mwili tu, ya pili ndiyo inayojenga kinga ya kutegemewa. Wazazi hulipia moja, mtoto asipougua wiki ile wanasahau kurudi. Kwa hiyo ulizia bei ya dozi mbili tangu mwanzo na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kijitabu chake cha kliniki. Mwaka ujao itamtosha moja.

Mdogo wa miezi 4 hachanjwi kabisa, kwani chini ya miezi 6 haruhusiwi. Kinga yake ni nyinyi mnaombeba. Ndiyo maana wewe na dada wa kazi mnafuata, tena dada msimwache nyuma: ndiye anayeshinda naye mgongoni mchana kutwa, na kwenye hesabu za chanjo huwa hakumbukwi. Kunyonyesha si kizuizi. Kinga kiasi hupita kwenye maziwa. Mtoto akifika miezi 6, naye aanze dozi zake mbili.

Baba awe wa mwisho, madhali ni mzima. Chanjo ya sindano tunayotumia haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kumpa homa ya mafua. Mkono kuuma, au joto kupanda kidogo siku moja au mbili, hayo hutokea. Lakini kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, na katikati hapo virusi vya ofisini au matatu havimsubiri. Pia kuna virusi vingine chungu nzima vya mafua ambavyo chanjo hii haivigusi. Mwambie ukweli pia: hata mwaka ambao chanjo imelandana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Faida kubwa zaidi ni kwamba anayeugua baada ya kuchanjwa mara nyingi haugui vibaya.

Kuhusu wakati, Kenya hatuna baridi ya Ulaya. Virusi hivi huzunguka mwaka mzima, basi msingoje msimu. Angalieni boksi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za virusi mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia na Septemba kwa za kusini, na boksi huonyesha ni chanjo ya mwaka au msimu upi. Chukueni iliyo mpya zaidi na ambayo muda wake haujakwisha. Chanjo itoke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyowahi kuganda haifai.

Aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hii asichomwe kabla ya kuonana na daktari. Mzio wa mayai peke yake si sababu ya kuikataa, ila mtajieni muuguzi, kisha msiondoke kabla ya dakika 15.