Krimu nayo hulaza tezi, si vidonge peke yake
Dada, umeuliza kama krimu ya steroidi inaweza kulaza tezi za adrenali kama vidonge, maana "si inaishia kwenye ngozi tu". Haiishii hapo. Steroidi hizi huiga kotisoli, homoni ya tezi hizo, na ubongo haujali imeingilia wapi: ukiikuta ya kutosha kwenye damu unapunguza ACTH, homoni inayoziamuru tezi hizo, na zile tezi juu ya figo zinapunguza kotisoli, hata kwa mtu mzima mwenye afya yake.

Kinachotofautiana ni kiasi kinachofika kwenye damu. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, hufika sehemu kubwa. Budesonidi, steroidi ya kuvuta ya pumu, ile sehemu inayomezwa bahati mbaya ini huiharibu karibu asilimia 90. Sindano ya steroidi ya goti huvuja polepole, kotisoli ikashuka kwa siku kadhaa, pengine wiki.

Sasa krimu. Klobetasoli ya asilimia 0.05, steroidi kali ya kupaka, dawa ileile inayokutwa kwenye mikorogo, gramu 2 tu kwa siku zimeonekana kuzilaza tezi. Kiwango cha juu ni gramu 50 kwa wiki, tena wiki 2 basi. Anayejipaka mwili mzima asubuhi na jioni anapita hapo bila kujua. Uso na makwapa hunyonya kuliko kiganja, mno.

Kama umepaka miezi, usikatishe ghafla bila daktari. Tezi zikiwa bado zimelala, kotisoli haitoshi: presha inaweza kushuka, ukatapika, ukazimia. Omba kipimo cha kotisoli ya asubuhi, saa 2 hivi, na kopo lenyewe nenda nalo.