Baba, nimeusoma ujumbe wako kuhusu ile tamthilia

Bwana Yesu asifiwe baba yangu. Huku Bukoba hatujambo, mvua zinanyesha, bibi yako anakusalimia sana na anauliza lini utakuja. Ujumbe wako niliupata toka juzi ila sikutaka kukujibu kwa mistari miwili ya wasapu, naona umeuliza kwa moyo kabisa, kwahiyo leo nimetulia nakuandikia na wewe ukipata nafasi usome taratibu.

Umesema ofisini kwenu kila mtu anaiongelea hiyo tamthilia ya Netflix, kwamba ina stori nzuri na waigizaji wanajua kazi, ila kila baada ya muda wanaweka watu uchi chumbani na wewe ukifika hapo unapeleka mbele. Jioni mnaiangalia wote watatu mnaokaa pamoja hapo Sinza. Alafu kuna tamasha la Bongo Fleva Jumamosi wamekununulia tiketi. Unataka kujua kama ni dhambi, na ukaongeza kwamba Biblia haijataja muvi wala Netflix wala tamasha, na sisi wazee tunaona dhambi kila mahali.

Nianze na hapo pa "Biblia haijataja" maana hilo swali ni la zamani kuliko unavyodhani, na waliouliza walikuwa Waafrika. Mwaka 200 hivi kule Karthago, hiyo sehemu ambayo leo ni Tunisia, Wakristo walikuwa wanapenda kwenda kuangalia mashindano ya magari ya farasi na michezo ya majukwaani na watu wanaouana kwa panga uwanjani, na wakiambiwa waache wanajibu hivyo hivyo, tuonyesheni andiko linalokataza. Tertuliano, mwandishi wa Kikristo wa huko huko Karthago, akawajibu kwamba kweli hakuna mstari unaosema usiende uwanjani, lakini Zaburi ya kwanza inasema heri mtu yule ambaye hakuketi barazani pa wenye mizaha, na alafu akawakumbusha ubatizo wao, kwamba siku ile mlipoingia majini mlimkataa Ibilisi na fahari zake, sasa hizo fahari mlidhani ni nini? Hapo mi nilikukumbuka wewe siku ya kipaimara umesimama mbele ya usharika na lile shati jeupe, ukasema unamkataa Shetani na kazi zake zote. Ulisema mwenyewe, hukusemewa.

Ila sikubaliani na Tertuliano kwa kila kitu, alikuwa mkali mno, kwake kila burudani ya mjini ilikuwa ibada ya sanamu (na kweli nyingi zilikuwa zinafanywa kwa heshima ya miungu yao, tusimwonee). Mi nasoma Danieli sura ya kwanza naona yule kijana alifundishwa elimu ya Wakaldayo na lugha yao, akaijua vizuri kuliko wenyewe, lakini chakula cha mfalme akakikataa. Vyote vilitoka jumba moja, kimoja akakipokea na kingine akakiacha. Na Paulo pale Athene kwenye Matendo 17 aliwanukulia washairi wao wenyewe, maana yake mashairi ya wapagani alikuwa anayajua na hakuona aibu. Kwahiyo mtu asikutishe kwamba stori ni ya shetani au muziki usiokuwa wa kanisani wote ni uchafu, baba yako alikuwa anapenda muziki wa dansi mpaka kesho na alikuwa mzee wa kanisa, na hizi tamthilia za Kituruki zilizowekwa Kiswahili hata mama mchungaji anaziangalia tukitoka jumuiya tunazijadili. Alafu kuna video nyingine za gospo saivi mi nazima, mtu anaimba jina la Yesu ila kila kitu kwenye ile video kinakuambia mwangalie yeye. Jina lililoandikwa juu ya kitu halitakusaidia sana, lazima uangalie chenyewe.

Sasa hilo la kupeleka mbele.

Kuna habari moja naipenda sana, Agustino, yule mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, ndio aliyeiandika kuhusu rafiki yake Alipio, wote wametoka Tagaste ambayo leo iko Algeria. Alipio alikwenda Rumi kusomea sheria, na alikuwa anaichukia kabisa ile michezo ya watu kuuana. Siku moja akakutana na wanafunzi wenzake wametoka kula, wakamshika kimasihara wakamvuta mpaka uwanjani, naye akawaambia mnaweza kuuleta mwili wangu ila macho yangu na moyo wangu hamtavipeleka huko, nitakuwepo kama sipo. Akakaa amefumba macho. Ila masikio hakuziba, na pale mmoja alipoanguka watu wakapiga ukelele mkubwa mno, udadisi ukamshinda, akafumbua aone mara moja tu, akiamini kwamba chochote atakachokiona atakidharau. Akaona damu na hakufumba tena. Akaanza kushangilia na wao, na alipotoka pale hakuwa yule aliyeingia, akawa anarudi mwenyewe na anawavuta wengine. Agustino anasema Mungu alikuja kumtoa huko ila ilikuwa baadae sana. Huyu huyu Alipio ndiye aliyebatizwa pamoja na Agustino kule Milano mwaka 387, akaja kuwa askofu wa Tagaste, kwahiyo usidhani nakusimulia mtu aliyepotea. Hakuwa mhuni, alikuwa kijana mwenye msimamo kuliko wenzake, na kilichomwangusha ni kujiamini.

Nikisoma hapo uliposema "mimi mama hainiathiri, napeleka mbele tu", baba naogopa. Si kwamba nakuona mbaya, nakujua. Ila hebu fikiria, ukipeleka mbele unakuwa umeshajua kinachokuja, na mkono wako umeshakiri kwamba hiki hakinifai, alafu kesho unarudi tena mahali pale pale. Paulo anasema Warumi 14 kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi, maana yake hata kama mimi au mchungaji tungekuambia ni ruksa, wewe dhamiri yako ikiwa inakusukuma kidole kila unapofika hapo basi kwako wewe jibu limeshatoka na hukuhitaji kuniuliza.

Na kuna kitu kingine watu hawakisemi. Yule dada anayevuliwa nguo mbele ya kamera si stori, ni mtu, ana mama yake mahali. Muuaji wa kwenye muvi hajaua mtu kweli, ile damu ni rangi, wakimaliza aliyekufa anaamka anakwenda kula. Lakini aliyevuliwa nguo amevuliwa kweli, mwili ni wake kweli, na utabaki umetazamwa hivyo na watu asiowajua miaka yote. Ayubu anasema nalifanya agano na macho yangu, basi nawezaje kumwangalia msichana. Mi naliona hilo agano ni la kumlinda na yule msichana pia, si Ayubu peke yake. Dada zako wawili wangekuwa wao usingetafuta kitufe cha kupeleka mbele, ungetupa simu.

La muda nalo, hili fupi. Hizo programu zimetengenezwa episodi ikiisha nyingine inaanza yenyewe kabla hujasimama, na wewe mwenyewe ulinichekesha siku ile kwamba unanunua bando la usiku maana ni rahisi, unaangalia mpaka saa tisa. Paulo alisema vitu vyote ni halali kwangu lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Hapo unaweza ukawa unaangalia kitu kisafi kabisa, hata mpira, hata mahubiri, na bado kimekushika. Jaribu wiki moja uache uone kama unaweza kuacha bila kukasirika kasirika na watu. Na asubuhi ukiamka kwenda kazini unaomba au unashika simu kwanza, sikulazimishi unijibu mimi.

Unasema wazee tunaona dhambi kila mahali, labda ni kweli kidogo. Huku kwetu uamsho ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ulipofika, watu waliookoka waliacha vingi, pombe ya rubisi, ngoma, mambo ya waganga. Mi nadhani kwenye ngoma walipitiliza, yaani ngoma yenyewe ilikosa nini, leo tunapiga ngoma kwaya inaimba na Mungu anatukuzwa. Lakini kuna kitu cha wale ndugu ambacho kizazi chenu kimekiacha na mi naona ndio kilikuwa cha muhimu kuliko vyote, walikuwa wanasema kutembea nuruni. Wakikutana kwenye fellowship mtu anasimama anasema wiki hii niliona hiki, nilifikiri hiki, nilitamani hiki, ndugu niombeeni, na wanaimba Tukutendereza, ule wimbo wao wa kumsifu Yesu, wanaendelea. Hapakuwa na kitu cha kujifungia nacho usiku. Bibi yako ni wa hao hao na mpaka leo ukimuuliza jambo lake atakueleza lote mpaka wewe ndio uone aibu. Sasa badala ya kuniuliza hii ni dhambi au si dhambi, ungejiuliza je naweza kuwasimulia ndugu zangu wa fellowship ya pale usharikani nilichoangalia jana usiku, chote, na ile sehemu niliyosema nimeipeleka mbele lakini sikuipeleka? Kama unaweza kusema bila kupunguza, endelea kwa amani. Kama utaanza kuchagua maneno, baba, hapo pana shida.

Ila kilichonifanya nikose usingizi si hicho. Umeandika kama jambo dogo tu, katikati ya mengine, kwamba mmoja wa hao mnaokaa nao ameokoka mwezi wa pili, na kabla ya hapo alikuwa ameharibika na picha za ngono na kubeti mpaka akafukuzwa kazi. Na yeye anakaa hapo hapo kwenye kochi jioni na nyinyi mnaangalia. Wewe ndio una rimoti. Unapeleka mbele, sawa, lakini yeye sekunde mbili zile zimeshamtosha, na nyinyi mkishalala yeye ana simu yake na bando lake na jina la tamthilia analijua.

Korintho nyama iliyouzwa sokoni nyingine ilitoka kwenye mahekalu ya sanamu, na wale Wakristo walioona wana ujuzi wakasema sanamu si kitu, tunakula. Paulo akakubaliana nao kabisa kwamba sanamu si kitu! Hakuwaambia mmekosea hesabu. Akawaambia angalieni huu uwezo wenu usije ukawa kikwazo kwao walio dhaifu, maana kuna mtu alitoka kwenye zile sanamu juzi tu, akikuona wewe umekaa unakula anarudi kule kule. Na akamaliza kwamba chakula kikimkwaza ndugu yangu, hata milele sitakula nyama. Milele baba, na alikuwa anaipenda nyama au haipendi hatujui, hakujali hilo. Wewe umenipa hoja ya uhuru wetu katika Kristo na ni hoja nzuri, nimeipenda, lakini mtu huru ndiye anayeweza kuacha, na huyo mwenzako bado hajafika mahali pa kuweza. Yesu amemfia huyo kijana. Wewe huwezi kumwachia tamthilia?

Kwahiyo kwa upande wangu hilo la tamthilia ningelimaliza leo leo, na si kwa kumnyooshea mtu kidole, sema tu mi nimeiacha, tutafute kingine. Mpira upo, Simba na Yanga hawaishi maneno, muvi nzuri zipo, mnaweza hata kupika pamoja maana nasikia mnakula chipsi kila siku.

La tamasha sikukatazi, wewe mtu mzima unafanya kazi unajilipia kodi. Kuna wasanii wanaimba mapenzi ya heshima na maisha na mama zao na mi sioni ubaya kijana kwenda kucheza akarudi. Wewe unajua hao wanaopanda jukwaani Jumamosi wanaimba nini, mi siwajui, na unajua wenzako wa ofisini wakishakunywa wanakuwaje na saa ngapi mtarudi na nani anaendesha. BASATA, lile baraza la sanaa la taifa, wanaweza kufungia wimbo au wasiufungie, hiyo ni kazi ya serikali, haikuhusu sana kwenye kuchagua. Ukiona unakwenda kwa sababu unaogopa watakucheka basi usiende, ukiona unakwenda kwa furaha na ukirudi utaweza kupiga magoti bila kujikaza basi nenda, na Jumapili ibada ya kwanza usiikose.

Kabla ya kunijibu mimi ongea kwanza na huyo mwenzako, mkae wawili, umuulize kwa upole anaendeleaje na kama zile jioni zinamsumbua, na umwambie ukweli wako na wewe. Akikubali nipe jina lake tu, hata la kwanza linatosha, nimuweke kwenye maombi yetu ya Alhamisi. Alafu Jumapili nipigie mchana nikishatoka kanisani.

Mama yako anayekupenda.