Ng'oeni pini: kwa mnaoanza kusoma slaidi za figo

Juzi nimemkuta mmoja wenu kaandika "karsinoma", yaani saratani, kabla lenzi haijatulia. Nikacheka, kisha nikakasirika, maana nilikuwa najiona mwenyewe. Haya, wadogo zangu, kaeni.

1. Soma fomu ya maombi yote. Ikiwa na pini, ng'oa pini.

Mwaka wangu wa pili ililetwa biopsi, kipande kidogo cha kupima, ya figo ya mama wa makamo. Seli ndogo zimebanana, viini vimefanana kama shanga, papila (tishu zilizochomoza kama vidole) hapa na pale, vijiwe vya kalsiamu. Nikaagiza CK7, moja ya rangi za kutambulisha aina ya seli, ikashika seli chache tu pembeni. Nikajiambia inatosha. WT1, rangi nyingine ya aina hiyo, sikuagiza, ilikuwa Ijumaa jioni, mnajua wenyewe. Nikatia sahihi: karsinoma ya papilari, aina ya saratani ya figo. Figo ikatolewa nzima.

Ilipofika mezani kwangu, nilipaka kila kitu nilichopaswa kupaka mwanzoni. WT1 imewaka kwenye viini, CD57 imewaka, CK7 kimya. Adenoma ya metanefri, uvimbe usio na madhara ya saratani. Nikaifukua fomu. Chini ya pini, kwa mwandiko wa haraka: "Hb 18.9", hemoglobini iliyo juu mno. Uvimbe huu kwa baadhi ya wagonjwa humwaga erithropoietini, homoni ya kuchochea utengenezaji wa damu, damu ikapanda. Jibu nilipewa siku ya kwanza, likiwa limekunjwa. Nilimpigia daktari wa upasuaji mwenyewe. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa figo nairudishaje?"

2. Onkositoma, uvimbe wa figo usio saratani: rangi ya CD117 huishika, lakini hushika kwenye kromofobi, aina ya saratani ya figo, pia, kwa hiyo msishangilie mapema, tazameni CK7 na umbo la viini. Kovu la katikati si kitambulisho, hata saratani huwa nalo. Sampuli ikiwa ndogo na una shaka, andika shaka yako. Hakuna aliyefukuzwa kwa hilo.

3. Anjiomiolipoma (uvimbe usio saratani wa mishipa, misuli na mafuta) yenye mafuta, picha ya CT huimaliza kazi. Yenye mafuta machache ndiyo inayowafanya mseme sarkoma, saratani ya tishu kama misuli na mafuta. Pakeni rangi ya HMB-45, tafadhali.

4. Kijana mwenye presha kali na potasiamu ya chini: fikirieni uvimbe unaotoa renini, kimeng'enya cha figo kinachopandisha presha. Mimi nimeuona mara 1, na hata hivyo si mimi niliyeutambua, ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wiki yake ya tatu. Nikamuuliza kajuaje. Akanionyesha fomu. Pini alikuwa ameitia mfukoni.